Bhoke, Nimeihamisha Tulia

Nyamisangura, Tarime

Bhoke, rafiki yangu,

Sikuulizi hali yako, maana jibu lake ninalo, na ndilo linaloniamsha kila siku kabla ya watu wengine wa nyumba. Naanza na habari za mama yako. Ni mzima. Anakula, anakwenda kanisani, anagombana na mbuzi wa jirani. Na anaandika tena. Nimeona niliseme hili mapema, usije ukanisikiliza moyo ukiwa juu, kama wangu ulivyokuwa tangu tulipokuzika.

Nakuandikia nikiwa dukani. Nakaa, nasimama, nakwenda mlangoni, naangalia barabara, narudi. Kaka yangu Marwa, ambaye ndiye anayeshika fotokopi na picha za pasipoti tangu ulipotuacha, amenichoka. Asubuhi hii ameniambia, "Ghati, ama ukae ama utoke. Wateja watafikiri kuna mtu tunamkimbia." Nimekaa. Sijui nitakaa mpaka mstari gani.

Wakati wa zile mvua zilizokuja baada ya msiba, radi ilipiga nguzo ya umeme karibu na kwenu Ringwani. Kompyuta ya mama ilikuwa imechomekwa ukutani. Ikaungua. Marwa aliifungua hapa mezani, akanionyesha ubao wake, mweusi upande mmoja kama muhogo uliosahaulika jivuni. Diski tu ndiyo ilipona. Hadithi za mama zote zilikuwemo, na Tulia ilikuwemo, kila faili.

Mdogo wako wa Mwanza akamtumia mama kompyuta mpya. Nilifurahi, Bhoke. Nilijiambia ni kazi ya mchana mmoja: naweka mfumo, naweka Tulia, nawasha, naondoka. Najua ungenicheka.

Maana wewe uliliona likija. Nakumbuka ulivyokaa kwenye benchi la pale nje, umeshika kifua kama mtu anayezuia kitenge kisianguke, unahema, unajifanya unatazama pikipiki zinazokwenda Sirari. Ukasema, "Ule mfumo wa zamani wa skrini wanauondoa. Siku wakiuondoa, Tulia haina pa kusimama." Nikakuuliza tutafanyaje. Ukasema utaanza kuiandika upya ukipata nguvu. Hukusema "tutaanza". Ulisema "nitaanza". Hiyo kazi ya Tulia hukuwahi kunipa hata kipande, na mimi sikuomba, kwa sababu nilijua ni ya mama yako.

Watu wengi dukani hawakujua Tulia ni nini, na ulikuwa unapenda kuwaeleza. Ulikuwa unasema, mtu akifungua barua upande huu na picha upande ule, yupo anayeamua hiki kikae wapi, kipi kifunike kipi, na ukibonyeza herufi iende kwa nani. Huyo ni mpanga madirisha. Wengi hawamjui kwa sababu anakuja na kompyuta. Wewe ulimtengeneza wa kwako, kwa ajili ya mtu mmoja.

Mama alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote. Mikono ilipoanza kutetemeka aliacha chaki, halafu kalamu. Alipostaafu akataka aandike kwa kompyuta zile hadithi fupi za watoto wanaojifunza kusoma, lakini mausi ilimshinda kabisa, na kila akibonyeza M zilitoka nne. Ndipo ukaandika Tulia. Dirisha moja tu kwa wakati, limejaa skrini nzima. Kuhama ni kwa vitufe vikubwa. Na kila kitufe kilichobonyezwa na mtetemo, siyo na mama, Tulia ilikuwa inakimeza kimya kimya. Ukaipa jina la neno analowaambia watoto wakikwama kwenye kusoma: "Tulia, soma tena."

Basi nikafika na kompyuta mpya, nikakuta uliyoyasema yametimia. Toleo jipya la mfumo halina tena skrini ya zamani. Nikajaribu kuweka toleo la zamani, kompyuta ikakataa, skrini nyeusi tii, haijui hata kama ina skrini. Marwa akaniambia, "Mwekee mama mpangilio wa kawaida. Watu wote wanatumia. Atazoea." Nikamsikiliza. Hata mimi nilitaka kusikia hivyo.

Nikapanda gari la Mugumu nimeipakata kompyuta kama mtoto. Mama alikuwa ameshafagia chumba na kutandika kitambaa mezani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, "Marahaba mwanangu," macho yakiwa kwenye mfuko. Alikaa wima kabisa, kama darasa linamsubiri. Akaweka mikono.

Sitaki kukueleza yote. Kiganja kiligusa pale pa kutelezesha kidole, dirisha likaruka. Lingine likafunguka juu yake, na lingine, na herufi zikawa zinaandikika mahali asipopaona. Nilitaka kumshika mkono, nikajizuia. Alijaribu kwa muda mrefu, Bhoke, wewe unamjua. Halafu akaitoa mikono yake taratibu, akaificha chini ya kitenge, akasema, "Ghati, hii kompyuta ni nzuri. Mpelekee mtu mwenye mikono."

Nilirudi nalo neno hilo. Tumevuka Mto Mara sikuuona. Tumepita Kerende, vumbi na malori, abiria wanabishana juu ya bei ya ng'ombe mnadani, mimi nasikia hilo tu. Kesho yake nikafungua faili zako.

Nilianza kama mtu anayeiba. Nikatafuta njia ya mkato: kuufungia mfumo wa zamani mzima ndani ya dirisha moja la mfumo mpya, Tulia iwemo humo ndani isijue kama dunia imebadilika. Ikawaka. Nikaruka, Marwa akafikiri nimeumwa na siafu. Lakini herufi zilikuwa na ukungu, na mama anahitaji herufi kubwa zilizokaa wazi. Tena mara nyingine kitufe kilikuwa kinakwama chini, kinaandika peke yake mpaka nizime. Nikaing'ang'ania njia hiyo kwa wiki kadhaa kwa sababu ilikuacha mzima, mstari kwa mstari. Mwisho nikaiacha.

Ndipo nikalazimika kuelewa ulichokuwa unaniambia pale benchini. Kwenye ule mfumo wa zamani skrini ilikuwa na mwenyewe, na Tulia ilikuwa mgeni tu anayeomba: naomba dirisha hili likae hapa, naomba kusikia kila kitufe. Na mwenyewe alikuwa anamkubalia kila mgeni, hata mwizi, ndiyo maana wameufunga. Wana haki. Niliwachukia hata hivyo. Kwenye mfumo mpya anayepanga madirisha ndiye huyo huyo mwenye skrini. Achore yeye, apokee kibodi yeye, ajue kompyuta imelala au imeamka. Programu yako ilikuwa ndogo na safi kwa sababu kazi nzito ilifanywa na mwingine. Sasa ilitakiwa kuibeba yote.

Wapo watu, wa nchi nisizozijua, walioandika sehemu ngumu ya kazi hiyo wakaitoa bure. Niliwauliza maswali kwa Kiingereza changu hiki. Mmoja akanishauri niachane nayo, nichukue mpanga madirisha aliyekwisha tengenezwa, wapo wengi. Nikamjibu kwamba wapo wengi lakini hakuna anayemjua mtu wangu. Mwingine alinijibu kwa urefu na kwa upole, akanionyesha pa kuanzia.

Kila faili niliyofungua ilikuwa na jina lako juu. Na ndani ulikuwa umejiandikia maneno kama unaongea na mtu jikoni: "hapa mama husita," "hii ni mbaya, nitairudia," "leo kifua, naishia hapa." Kwenye moja uliandika, "Ghati asiguse." Nikacheka peke yangu, halafu nikatoka nje, nikatembea mpaka karibu na stendi, nikarudi. Nikagusa. Nikafuta. Nikafuta ya kuchora, nikafuta ya kupanga, nikafuta ya kusikiliza vitufe. Kwenye mfumo mpya hazikuwa na maana yoyote, Bhoke. Ilikuwa ni kama kukunja nguo zako siku ile baada ya mazishi, mama ananipa moja moja.

Kipande kimoja tu sikukigusa. Ile hesabu yako ya kujua kipi ni kidole na kipi ni mtetemo. Nilikisoma, nikakisoma tena, nikaona hakiulizi skrini ni ya zamani au mpya. Kilikuwa hakijui skrini ni nini. Kilikuwa kinajua mikono ya mama tu. Nikakichukua kama kilivyo, nikakiweka katikati ya kazi yangu, nikajenga kukizunguka. Nilisema moyoni, hata kama yote ni mapya, hapa Bhoke yupo.

Ikachukua kiangazi chote. Wateja walinisemesha nikawaitikia "ndiyo" kwa mambo yanayotaka "hapana". Nilikuwa nikilala nawaza madirisha, nikitembea nawaza madirisha. Na siku ilipokaa sawa, yote, dirisha moja limejaa skrini, herufi kali kama zimechongwa, sikumwambia hata Marwa. Nilifunga mfuko nikaondoka.

Nilifika Ringwani mchana, mama anaanua mahindi. Tukaingia ndani. Akaona jina la Tulia limetokea pale lilipokuwa linatokea, akalitazama, akaniambia, "Karibu tena." Sikujua ananiambia mimi au nani.

Akaweka mikono. Akabonyeza. M ikatoka mbili. Akajaribu tena, ikatoka mbili, halafu nyingine haikutoka kabisa. Nikaangalia kazi yangu, iko sawa. Nikaangalia tena. Nikaanza kuzunguka chumba. Nilikuwa nasema mambo, sikumbuki, kwamba kibodi hii ni ngeni, kwamba umeme ni mdogo. Mama akaniambia, "Njoo ukae. Unanizungukia kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama."

Nikakaa.

Akanyoosha mikono yake mbele yangu, juu ya kitambaa, tukaitazama wote wawili. Akasema, "Hiyo programu inanijua nilivyokuwa Bhoke akiwepo. Tangu pale kutetemeka kumeongezeka."

Bhoke, sikuwa nimefikiri. Kile kipande kimoja nilichokihifadhi, ndicho kilichokuwa hakifai tena. Nilitaka kukataa. Nilitaka kumwambia ajaribu polepole, azoee, yaani nilitaka mikono ya mama irudi nyuma ili namba zako zibaki.

Yeye ndiye aliyenionyesha la kufanya. Akasema, "Alikuwa anakaa hapo ulipo wewe. Ananiambia niandike majina ya watoto wangu." Nikamuuliza watoto gani, akasema wa darasani. Basi akaanza kuandika majina ya watoto aliowafundisha, wengine leo ni babu zetu wa mtaa, na mimi nikaiweka kompyuta isikilize tu, ipime muda kati ya kidole na kidole. Nyamhanga. Wankuru. Mwita. Mwita mwingine. Alipochoka tulikunywa uji wa ulezi. Alinieleza yupi alikuwa analia asubuhi, yupi alikuwa anakula chaki. Nililala kwenu, kwenye kitanda chako. Asubuhi tukaendelea, na kabla ya jua kuwa kali nikabadilisha namba zako. Zote. Chini yake nimeandika, "Hizi ni za Ghati. Za Bhoke zilikuwa sahihi kwa wakati wake." Mama akaweka mikono, akaandika sentensi nzima bila kosa: Kuku wa Robhi ametaga kwenye kiatu.

Akaisoma kwa sauti ya darasani. Hakucheka wala hakulia. Akaandika nyingine.

Ningeishia hapa ningekuwa nimekuandikia barua nzuri. Lakini kuna jambo linanisumbua na sina mwingine wa kumwambia.

Nilipokuwa nafunga mfuko, mama akasema, "Sasa kwa kuwa wewe unabadilisha, hiki kitufe cha kurudi dirisha la nyuma kihamishie kushoto. Kulia kunanisumbua." Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwanzo. Nikamuuliza kwa nini hakukwambia, mbona ungekihamisha papo hapo. Akasema, "Alikuwa akishuka kwenye pikipiki pale barabarani, namsikia anavyohema mpaka afike mlangoni. Ningemwambia kitufe kimekaa vibaya asingelala. Nikaona nitazoea."

Nilikasirika, Bhoke. Kwa niaba yako. Ulikuwa fundi, ulitaka kuambiwa ukweli wa kazi yako, usingetaka huruma. Halafu nikakumbuka na wewe ulivyokuwa ukishuka pale unasimama kwanza nyuma ya ule mti wa kwenye kona, unavuta pumzi, ili mama asijue. Ulinikataza nisimwambie. Kumbe mlikuwa mnafichana, yeye kitufe, wewe pumzi, na wote wawili mlijua. Niliwaza hivyo njia nzima, na nawaza bado. Sijui kama ni jambo la kusikitikia. Siku nyingine naona ni upumbavu, siku nyingine naona hakuna watu waliopendana kuliko nyinyi.

Kitufe nimekihamisha.

Hadithi za mama tunazichapa hapa dukani, na mwalimu wa darasa la kwanza wa huko Ringwani anazichukua akija mjini. Marwa anazisoma kabla hazijakauka wino. Tulia nimeiweka wazi kwa watu wote, bure, jina lako likiwa juu na langu chini yake. Ameshaniandikia mtu wa mbali sana, baba yake ana mikono kama ya mama, anauliza zile namba za ndani ya Tulia zinabadilishwaje. Nimemwambia akae karibu na baba yake, amwombe aandike majina ya watu anaowapenda, apime.

Nilifikiri nikimaliza nitatulia. Sijatulia. Nasimama, nakaa. Labda nilikuwa naogopa kumaliza, kwa sababu kazi ilikuwa bado inatuweka pamoja, na sasa nafungua faili naona mwandiko wangu mwingi kuliko wako. Lakini jana mama amenipigia. Hakulalamika, hajui kulalamika. Amesema mkono wa kushoto nao umeanza kuongeza mtetemo, na kile kitufe nilichohamisha kinabonyezeka chenyewe.

Nakuahidi hivi: sitamwacha azoee. Kila mikono ikibadilika nitakwenda, na akinificha nitamuuliza mpaka aseme. Na mimi nikichoka nitamwambia nimechoka, tutakaa wote tunywe uji, tuendelee.

Lala, rafiki yangu, mwandishi wangu wa "Ghati asiguse." Wewe umeshafika. Mimi gari la Mugumu linaondoka alfajiri, na sijafungasha.

Wako,
Ghati